Jinsi Ufunguo wa Gemu Ulivyogeuka Bidhaa

Ufunguo wa gemu ni mfuatano wa herufi na tarakimu ambao mchezaji huuingiza kwenye kompyuta ili mchezo alioulipia ukubali kufunguka. Ufunguo wa Steam, duka kubwa kuliko yote la michezo ya kompyuta, kwa kawaida una herufi na tarakimu 15 katika mafungu matatu ya tano tano, yaliyotenganishwa kwa vistari. Hauna jina la mnunuzi wala la muuzaji, na hauonyeshi ulinunuliwa nchi gani wala kwa fedha ya nani. Ni kama vocha ya simu ya kukwangua: wa kwanza kuingiza namba ndiye mwenye salio, na baada ya hapo karatasi haina kazi. Kwa kuwa ufunguo hausemi ulikotoka, umezaa biashara ya kimataifa ya wachuuzi na madalali, ambayo kwa zaidi ya miaka 15 imewapa wachezaji michezo kwa bei ya kutupa huku hasara yake mara nyingi ikiwaangukia watengenezaji wadogo.

Asili yake ni maboksi ya miaka ya 1990. Mchezo uliuzwa kwenye CD, na vifaa vya kuchomea CD viliposhuka bei, kunakili diski nzima kukawa kazi ya dakika chache. Wachapishaji wakajikinga kwa kubandika stika yenye namba kwenye kasha la diski. StarCraft, mchezo wa kampuni ya Blizzard uliotoka mwaka 1998, ulidai namba ya tarakimu 13, na ile ya mwisho ilikokotolewa kutokana na 12 zilizotangulia. Kwa njia hiyo kompyuta iliweza kuikagua namba yenyewe bila kumuuliza mtu. Kinga hiyo ilikuwa dhaifu, maana aliyeielewa hesabu yake aliweza kujitungia namba. Ulinzi wa kweli ulikuwa kwenye huduma ya mtandaoni ya Battle.net, ambako seva za Blizzard hazikuruhusu watu wawili watumie ufunguo mmoja kwa wakati mmoja. Hata hivyo, siku hizo hakuna aliyefikiria kuuza ufunguo peke yake. Bila diski, ilikuwa stika tu.

Hali iligeuka Steam ilipoanza. Kampuni ya Valve ya Marekani iliizindua Septemba 12, 2003, na Novemba 2004 ikatoa Half-Life 2 kwa sharti lililowaudhi wengi: hata aliyenunua boksi dukani, na hata aliyekusudia kucheza peke yake, alilazimika kuusajili ufunguo kwenye akaunti ya Steam. Ufunguo ukishaingia kwenye akaunti hautoki. Boksi la mtumba likapoteza thamani papo hapo. Wakati huohuo diski nayo ikawa si lazima tena, kwa sababu mwenye ufunguo aliweza kupakua mchezo mzima kutoka seva za Valve. Kuanzia mwaka 2005 duka hilo likaanza kuuza michezo ya watengenezaji wengine, nao wakaruhusiwa kuomba funguo bila malipo ili wakauze kwenye tovuti zao au kuwapa wauzaji wengine. Kwa mauzo ya dukani kwake, Valve kwa desturi hukata asilimia 30. Kwa funguo zinazouzwa nje haikati kitu. Ukarimu huo ndio uliolisha soko zima lililofuata, na bila huo wachuuzi wasingekuwa na mali ya kuuza.

Faida ya mchuuzi ilitoka kwanza kwenye tofauti ya bei kati ya nchi na nchi. Mchapishaji hauzi mchezo kwa bei moja duniani kote. Katika nchi zenye kipato kidogo, au ambako nakala bandia zimejaa mitaani, hushusha bei ili apate walau mauzo kidogo. Wachuuzi wa kwanza walinunua maboksi katika nchi hizo, wakayafungua, wakapiga picha stika ya ufunguo na kumtumia mteja wa Ulaya au Marekani kwa barua pepe. Diski na kasha vilibaki nyuma bila kazi. Oktoba 2007 Valve ilizima funguo za The Orange Box, kifurushi kilichokuwa na Half-Life 2 na Portal miongoni mwa michezo mingine, kwa wateja walionunua nakala za Thailand wakazitumia kwingineko. Kampuni hiyo ilieleza kwamba huitumia Steam kuhakikisha bidhaa iliyoidhinishwa kwa eneo fulani haisambazwi wala haitumiki nje ya eneo hilo. Wanunuzi walikuwa wametoa fedha halali kwa boksi halali, lakini mchezo wao ukafungwa. Somo walilopata lilidumu: anayeuza ufunguo siye anayeshika kufuli.

Kuanzia hapo mipaka imeendelea kukazwa. Desemba 2014, ruble ya Urusi ilipoporomoka na wageni wakakimbilia michezo ya bei ya Kirusi, Valve ilizuia zawadi zilizonunuliwa katika baadhi ya maeneo zisitumike nje ya maeneo hayo. Novemba 2023 ikaacha kuuza kwa lira nchini Uturuki na kwa peso nchini Argentina, nchi mbili zilizokuwa kimbilio la wasaka bei nafuu, na kuweka bei za dola zilizopangwa kwa kanda. Shilingi za Afrika Mashariki hazijawahi kuwamo kwenye orodha ya sarafu za Steam. Mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam huoneshwa bei kwa dola, kwa hiyo mwanya huu wa tofauti za bei umekuwa ukiwafaidi zaidi watu wa mbali kuliko wa hapa.

Chemchemi ya pili ya funguo za bei rahisi ilitokana na nia njema. Mei 2010 Jeffrey Rosen na John Graham, kutoka studio ya Wolfire, walianzisha Humble Indie Bundle, kifurushi cha michezo ya watengenezaji wadogo ambacho mnunuzi alijipangia bei mwenyewe, kisha akaamua kiasi gani kiende kwa watengenezaji na kiasi gani kwa mashirika ya hisani. Kifurushi cha kwanza kilikusanya zaidi ya dola milioni 1. Funguo za Steam zilipoingizwa kwenye mpango huo, wajanja waligundua kwamba kwa senti moja mtu aliweza kubeba funguo za michezo kadhaa. Desemba 2011 ikabidi waandaaji waweke kiwango cha chini cha dola 1 kwa anayetaka funguo hizo. Hata kwa dola moja, aliyenunua vifurushi vingi na kuziweka funguo akiba alikuwa na mtaji mezani.

Kilichokosekana ni gulio. Mwaka 2010 Bartosz Skwarczek na Dawid Rożek walianzisha mjini Rzeszów, Poland, duka la mtandaoni ambalo baadaye liligeuka soko linalojulikana kama G2A. Kinguin ilifuata mwaka 2013. Masoko haya hayana funguo zake yenyewe bali ni madalali. Mtu mwenye funguo huziweka sokoni, mnunuzi hufungua ukurasa wa mchezo na kuona orodha ya wauzaji, wengi wakiwa na majina ya kujibandika, na kila mmoja na bei yake. Akilipa, ufunguo humfikia baada ya sekunde chache, na soko hukata kamisheni. Madalali hawa walijulikana upesi kwa kudhamini timu za e-sports na wacheza gemu mashuhuri wa YouTube, ambao waliwagawia watazamaji namba za punguzo. Mara nyingi kijana aliusikia kwanza wito wa kununua ufunguo wa bei poa kutoka kwa mchezaji anayemwamini.

Madalali hawa wasichanganywe na maduka yenye mkataba na wachapishaji, kama Green Man Gaming ya Uingereza, Humble au Fanatical. Hayo nayo huuza funguo kwa punguzo, lakini funguo zimetoka mikononi mwa mchapishaji na punguzo amelikubali mwenyewe. Kwa dalali hakuna anayejua ufunguo ulianzia wapi. Pengine ulitoka kwenye kifurushi cha hisani, pengine kwenye boksi la nchi nyingine. Pengine ulitumwa bure kwa mtu aliyejifanya mwandishi wa habari za michezo, hila iliyozoeleka kiasi kwamba watengenezaji hupokea maombi ya namna hiyo kila wanapotoa mchezo mpya. Pengine ulinunuliwa kwa kadi ya benki ya wizi.

Hili la kadi ndilo lililoharibu jina la biashara nzima. Mwizi aliyepata namba za kadi za watu huenda kwenye tovuti ya studio ndogo inayouza mchezo wake moja kwa moja, akanunua funguo nyingi, kisha akaziuza sokoni kwa nusu bei. Kwake kila senti ni faida. Baada ya wiki kadhaa mwenye kadi huona malipo asiyoyafahamu na kulalamika. Benki humrudishia fedha zake kwa kuzichukua kutoka kwa studio, na juu yake hutoza ada ya usumbufu ambayo mara nyingi huzidi bei ya mchezo wenyewe. Studio imepoteza mchezo, imepoteza fedha, na bado inadaiwa. Inaweza kuuzima ufunguo, lakini kufikia hapo umeshatumiwa na mtu aliyeununua kwa fedha yake bila kujua, naye atakuja kuilalamikia studio hiyohiyo iliyoibiwa.

Mwaka 2013 watengenezaji wa Natural Selection 2 walizima funguo 1,341 zilizonunuliwa kwa kadi za wizi, baada ya marejesho ya benki kuwagharimu takriban dola 30,000. Hata makampuni makubwa hayakupona. Januari 2015 Ubisoft ilifuta Far Cry 4 na michezo mingine kwenye akaunti za wateja walionunua funguo kwa madalali, ikasema funguo hizo zilipatikana kwa ulaghai wa kadi kwenye duka la Origin la kampuni ya EA. Kelele zilikuwa kubwa, na siku chache baadaye Ubisoft ikawarudishia michezo wale waliokwisha kuanza kucheza.

Juni 2016 Alex Nichiporchik, mkuu wa tinyBuild, alianika hesabu hadharani: funguo za michezo ya kampuni yake zilikuwa zimeuzwa G2A kwa takriban dola 200,000, ilhali kwa bei ya kawaida thamani yake ingefika dola 450,000, na studio haikuambulia kitu. Duka lake la mtandaoni lilikuwa limeandamwa na marejesho ya benki. G2A ilimtaka atoe orodha ya funguo anazozishuku. Mwezi uliofuata ilianzisha mpango wa kuwapa watengenezaji hadi asilimia 10 ya mauzo ya funguo za michezo yao. Mzozo haukuisha. Aprili 2017 Gearbox, kampuni ya michezo iliyokuwa ikishirikiana na G2A, wakishauriana na mhakiki John Bain aliyefahamika kama TotalBiscuit, waliitaka G2A itoe ulinzi wa mnunuzi bila kumtoza na iwaruhusu watengenezaji kuripoti funguo za wizi. Hawakuridhishwa na majibu, wakavunja ushirikiano.

Kilele kilikuja mwaka 2019. Mike Rose, mkuu wa kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo No More Robots, aliwaomba wachezaji hadharani kwamba kama hawawezi kununua mchezo wake kwa njia halali, basi ni heri wauharamie kuliko kuununua G2A. Kwa mtu anayeishi kwa mauzo ya michezo hayo ni maneno mazito, na hesabu inamuunga mkono: anayeharamia hamlipi mtengenezaji, lakini pia hamletei deni la benki. G2A ikajibu kwa ahadi: studio itakayothibitisha kwamba funguo zake za wizi ziliuzwa sokoni hapo italipwa mara kumi ya hasara ya marejesho. Wube Software ya Prague, watengenezaji wa Factorio, wakaipokea changamoto na kuwasilisha orodha ya funguo 321. Mei 2020 ukaguzi wa ndani wa G2A ulikiri kwamba funguo 198 kati ya hizo zilipita sokoni kwake mwaka 2016, na Wube ikalipwa dola 39,600. Kwa mara ya kwanza, jambo ambalo studio ndogo zilikuwa zikilisema kwa miaka lilithibitishwa kwa kalamu ya dalali mwenyewe. Kuanzia Julai 2020 G2A ikaacha kuwaruhusu watu binafsi kuuza funguo za michezo, ikabakiza wafanyabiashara waliosajiliwa tu.

Valve nayo ilibana upande wake. Mwaka 2017 ilianza kukataa maombi ya funguo nyingi kwa michezo isiyo na wachezaji wa kutosha, ikabadili utaratibu wa zawadi ili zisiwekwe akiba kwa ajili ya kuuzwa baadaye, na ikaanzisha njia ya kuwapa wahakiki mchezo moja kwa moja kwenye akaunti bila ufunguo kuonekana.

Sheria haijaegemea upande mmoja. Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, iliamua kwamba mtu aliyenunua leseni ya kudumu ya programu anaweza kuiuza tena hata kama aliipakua mtandaoni, na wachuuzi wakaishika hukumu hiyo kama ngao. Januari 2021 Tume ya Ulaya ilizitoza Valve na kampuni tano za michezo faini ya jumla ya yuro milioni 7.8 kwa kuzuia funguo zilizouzwa katika nchi kama Poland, Hungary na Romania zisitumike katika nchi nyingine za soko lilelile. Karibu michezo 100 ilihusika. Sehemu ya Valve ilikuwa yuro milioni 1.6. Valve ikakata rufaa, na Septemba 2023 ikashindwa. Kwa hiyo ndani ya soko la Ulaya, ile tofauti ya bei iliyowaponza wanunuzi wa The Orange Box haiwezi tena kulindwa kwa makubaliano ya kufunga mipaka.

Kwa mchezo ambao tayari umeingia kwenye akaunti, mambo yameishia kwingine. Chama cha watumiaji cha UFC-Que Choisir kiliishtaki Valve nchini Ufaransa, na Septemba 2019 mahakama ya Paris ikakubali kwamba mchezaji ana haki ya kuuza michezo aliyoinunua Steam. Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo kwa hoja kwamba mchezo si programu tupu, bali ni kazi yenye muziki, picha na hadithi, na hukumu ya UsedSoft haiuhusu. Mwaka 2024 mahakama ya juu ya Ufaransa iliuthibitisha uamuzi huo, na mchezo uliokwisha kusajiliwa ukabaki kuwa wa akaunti iliyousajili.