Masters, mashindano ya snuka ya walioalikwa pekee

MIONGONI mwa mashindano makuu matatu ya snuka, Masters ndiyo pekee ambayo mchezaji hawezi kujiandikisha. Yeye hungoja mwaliko. Kila Januari wachezaji 16 hukutana jijini London, na atakayelitwaa kombe atarudi nyumbani akiwa pale pale alipokuwa kwenye orodha ya ubora duniani, kwa kuwa fedha zinazoshindaniwa hapo hazihesabiwi katika orodha hiyo. Hata hivyo, ni wachache wanaoukataa mwaliko huo, na wapo mabingwa wa dunia walioishia kustaafu bila kulishika kombe lenyewe.

Kwa msomaji aliyezoea meza za pool mitaani, snuka ni ndugu wa mchezo huo aliye mkubwa na mkali zaidi. Meza yake ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na mashimo yake sita ni membamba. Mipira ni 22: mweupe wa kupigia, myekundu 15, na ya rangi sita kuanzia manjano wenye pointi 2 hadi mweusi wenye pointi 7. Kila mwekundu, ambao una pointi 1, sharti ufuatwe na mmoja wa rangi. Anayetumbukiza yote 15 na kuufuatisha kila mmoja na mweusi, kisha akasafisha meza, hupata pointi 147, idadi ya juu kabisa kwa mchezo wa kawaida.

Walioalikwa ni 16 bora katika orodha ya dunia, na hapo ndipo ugumu wa Masters ulipo. Kwingineko nyota huanza na mpinzani asiyejulikana sana, akapata nafasi ya kupasha mkono moto. Hapa mechi ya kwanza yaweza kumkutanisha bingwa wa dunia na mtu aliyemshinda wiki chache tu zilizopita. Anayetangulia kushinda fremu 6 husonga mbele. Fainali huhitaji fremu 10.

Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1975 katika hoteli ya West Centre, London, yakiwa na wachezaji 10 tu. John Spencer alimshinda Ray Reardon kwa fremu 9-8, na hata fremu hiyo ya mwisho ilimalizika kwa sare, ikabidi mpira mweusi urudishwe mezani kuamua mshindi. Idadi ya washiriki ilifika 16 mwaka wa 1983. Kuanzia 1979 hadi 2006 makao yake yalikuwa ukumbi wa Wembley Conference Centre, uliobomolewa baadaye. Tangu mwaka wa 2012 yamekuwa yakichezewa Alexandra Palace, kaskazini mwa jiji, isipokuwa 2021 ambapo janga la Covid-19 liliyapeleka Milton Keynes, bila mtazamaji hata mmoja ukumbini.

Mdhamini wa tangu mwanzo alikuwa kampuni ya sigara ya Benson & Hedges. Snuka ya Uingereza ililelewa na fedha za tumbaku, na sheria ya kupiga marufuku matangazo ya bidhaa hiyo ilipoanza kuuma, mchezo ulibaki kama mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla. Kampuni hiyo iliondoka baada ya mashindano ya 2003, na ya mwaka uliofuata yalichezwa bila mdhamini. Kwamba Masters ilisalimika ni ushahidi kwamba watazamaji walikuwa wakiufuata mchezo wenyewe.

Stephen Hendry wa Scotland aliyafanya mashindano hayo kuwa shamba lake. Alishinda mara tano mfululizo, 1989 hadi 1993, akapewa kombe alimiliki moja kwa moja. Fainali ya 1991 ingali inasimuliwa: Mike Hallett aliongoza 7-0, kisha 8-2, akihitaji fremu moja tu. Hendry alishinda 9-8. Ilibidi Alan McManus, Mskoti mwenzake, aje kumsimamisha katika fainali ya 1994, nayo pia ikaisha 9-8.

Lakini jina ambalo limeandikwa kwenye kombe lenyewe si la Hendry. Ni la Paul Hunter, kijana wa Leeds aliyetwaa taji hilo mara tatu katika miaka minne, kila mara kwa 10-9 na kila mara akitoka nyuma. Mwaka wa 2001 alikwenda mapumziko akiwa nyuma 6-2 dhidi ya Fergal O'Brien wa Ireland. Aliporejea alipiga mikupuo minne ya zaidi ya pointi 100 katika fremu sita. Mwaka wa 2002 Mark Williams alimtangulia 5-0. Mwaka wa 2004 ilikuwa zamu ya Ronnie O'Sullivan, aliyeongoza 7-2 na bado akashindwa.

Mwaka uliofuata Hunter aligunduliwa kuwa na saratani. Aliendelea kucheza huku akitibiwa, akipoteza mechi ambazo zamani angezishinda bila jasho. Alifariki Oktoba 9, 2006, siku tano kabla ya kutimiza umri wa miaka 28, akiacha mjane na mtoto mchanga. Mashabiki na wachezaji walitaka kombe la Masters lipewe jina lake. Wakuu wa mchezo walichukua takriban miaka kumi kukubali, hadi 2016. Ni muda mrefu kwa uamuzi ambao haukumgharimu mtu chochote.

Miezi mitatu baada ya kifo hicho, Januari 2007, Ding Junhui wa China, akiwa na umri wa miaka 19, alipata pointi zote 147 katika mechi yake ya kwanza, kisha akafika fainali. Huko baadhi ya watazamaji walimzomea, mchezo ukamponyoka, na akashindwa 10-3 na O'Sullivan huku machozi yakimlengalenga. O'Sullivan alimkumbatia begani na kutoka naye. Mwaka wa 2011 Ding alirudi akalitwaa taji kwa kumshinda Marco Fu wa Hong Kong 10-4, katika fainali ya kwanza ya Waasia watupu.

Si kila simulizi ya wageni ilikwisha vyema. Yan Bingtao, pia wa China, alishinda Masters ya 2021 katika jaribio lake la kwanza, kwa kumlaza John Higgins 10-8. Desemba 2022 alisimamishwa, na mwaka wa 2023 akafungiwa miaka mitano kwa kupanga matokeo ya mechi. Januari hiyo ya 2023 nafasi yake na ya Zhao Xintong, ambaye naye alikuwa amesimamishwa, zilipewa Hossein Vafaei wa Iran na David Gilbert.

O'Sullivan ndiye mwenye mataji mengi zaidi, manane. La kwanza alilipata 1995 akiwa na miaka 19, la nane 2024 akiwa na 48, alipomshinda Ali Carter 10-7. Hivyo basi yeye ndiye bingwa mchanga zaidi na mkongwe zaidi wa mashindano hayo kwa wakati mmoja.

Mwaka wa 2025 O'Sullivan alijiondoa kwa sababu za kiafya, na ikawa ni Shaun Murphy aliyemshinda Kyren Wilson 10-7, miaka kumi baada ya taji lake la kwanza. Katika nusu fainali Murphy alisafisha meza kwa pointi 147. Pointi hizo zilikuwa zimepatikana Masters mara tano tu kabla ya hapo, tangu Mkanada Kirk Stevens alipozikusanya mwaka wa 1984 akiwa amevalia suti nyeupe, dhidi ya Jimmy White. Stevens alipoteza mechi ile, na White akaenda kulitwaa taji.