Kiswahili katika Santuri ya Randy Weston

Husikika mara kwa mara, hususan kwa wale wapendao kuipima kila santuri kwa mizani ya asili isiyochanganyika, kauli kwamba Kiswahili kilichomo katika Uhuru Afrika, kazi ambayo mpiga piano Randy Weston aliirekodi mjini New York mwezi wa Novemba 1960, ni pambo tu lililotiwa juu ya jazi ya Kimarekani ili kuinukisha ugeni. Kauli hiyo ni nyepesi, na aisemaye aghalabu hakuisikiliza santuri yenyewe tangu mwanzo wake.

Habari za jazi na safari yake kutoka New Orleans zinafahamika, wala sina haja ya kuzirudia. Weston, mzaliwa wa Brooklyn wa mwaka 1926, alikusudia kwa dhati lugha ya Kiafrika isikike waziwazi katika kazi yake, kwa kuwa aliona jinsi filamu za Marekani zilivyowazoesha watu kudhani kwamba Mwafrika hana lugha ila ukelele wa msituni. Hivyo akawaendea Waafrika waliokuwako Umoja wa Mataifa, akawataka shauri, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Langston Hughes, mshairi mashuhuri wa Harlem, alitunga maneno kwa Kiingereza. Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, akafasiri na kughani mwenyewe, mwaka mmoja na ushei kabla ya nchi yake kujitawala. Lugha iliyochaguliwa kwa mashauriano, ikafasiriwa na mwenyewe, ikawekwa mlangoni mwa kazi nzima, kwa insafu gani itaitwa pambo? Makaburu wa Afrika Kusini, walioipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964, hawakuichukulia kuwa mchezo.

Ni kweli kwamba ngoma zinazoipokea sauti ya Sanga si za pwani yetu wala za bara yetu: Babatunde Olatunji alitoka Nigeria, Candido Camero na Armando Peraza walitoka Cuba, ilhali Max Roach alikuwa Mmarekani. Walakini sisi ambao taarabu yetu ya Unguja ilipokea udi na kanuni kutoka Misri, na fidla ambayo asili yake ni Ulaya, tusiwe wa kwanza kumkemea mtu kwa kuchanganya.

Aliyezipanga sauti za wanamuziki hao, zaidi ya 20 kwa jumla, ni Bi Melba Liston wa Kansas City, mpiga tromboni aliyepata kuwamo katika bendi ya Dizzy Gillespie, na kutomtaja kwa taadhima ni dhuluma isiyo na udhuru. Kazi ina sehemu nne. Katika ya pili, iliyotungwa kwa heshima ya mwanamke wa Kiafrika, Martha Flowers na Brock Peters wanaimba maneno ya Hughes, na ndipo mkono wa Bi Liston unapodhihirika zaidi, kwa namna tarumbeta na saksafoni zinavyomwachia mwimbaji nafasi ya kupumua.

Safari za Weston za Nigeria, mwaka 1961 na 1963, na makazi yake ya Tangier mwishoni mwa muongo ule, zimekwisha kusimuliwa na wengi, naye mwenyewe akiwamo. Ya Sanga na ya Bi Liston ndiyo yanayostahiki kalamu sasa.