Wasifu kazi wa mhitimu mpya

Wasifu kazi (pia: maelezo binafsi, au kwa kifupi CV, ambayo hutamkwa sivii, nchini Kenya pia wasifutaala) ni hati fupi ambamo mwombaji wa kazi anaeleza yeye ni nani, amesoma nini, amefanya kazi zipi na ni nani anayeweza kumshuhudia. Ni tofauti na wasifu wa kawaida, ambao husimulia maisha ya mtu, na ni tofauti na barua ya maombi, ambayo huandikwa kwa ajili ya nafasi moja na kutiwa sahihi.

Makala hii inahusu hasa mhitimu wa chuo nchini Tanzania ambaye hajawahi kuajiriwa. Baadhi ya mifano inatoka Masakta, kata ya Wilaya ya Hanang katika Mkoa wa Manyara, na maeneo jirani ya Wilaya ya Mbulu. Mhitimu wa vijijini hukutana na matatizo ambayo vielelezo vya wasifu vinavyopatikana kwenye intaneti, vingi vikiwa vimeandikwa kwa ajili ya waombaji wa Ulaya na Marekani, haviyagusi kabisa.

Historia

Hati ambayo mara nyingi hutajwa kuwa wasifu kazi wa kwanza ni barua ya msanii wa Italia Leonardo da Vinci kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, ya mnamo 1482. Leonardo alijulikana tayari kama mchoraji, lakini barua yake inaorodhesha kwanza madaraja ya kubebeka, mizinga na magari ya vita yenye kufunikwa. Uchoraji na uchongaji anautaja mwishoni. Alianza na kile alichokihitaji mwajiri.

Nchini Tanzania hati hiyo haikuwa na uzito mkubwa katika miaka ya kwanza baada ya uhuru. Wahitimu wa vyuo vikuu walikuwa wachache na serikali iliwapangia kazi. Hali ilibadilika vyuo vilipoongezeka na uchumi kufunguliwa kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Ajira nyingi serikalini sasa hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na marekebisho yake ya 2007. Hata walimu, ambao zamani walipangiwa vituo moja kwa moja, siku hizi huomba kupitia mfumo wa mtandaoni na kufanyiwa usaili.

Mahali wasifu unapotumika

Kwa ajira za serikali, mwombaji hufungua akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti unaojulikana kama Ajira Portal na kujaza taarifa zake sehemu kwa sehemu: taarifa binafsi, elimu, mafunzo, lugha, ujuzi wa kompyuta, uzoefu na wadhamini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wasifu huingizwa kwenye fomu, na mapambo ya rangi na maumbo hayana faida yoyote hapo. Matangazo ya Sekretarieti huwa na masharti yanayojirudia: mwombaji awe raia wa Tanzania, awe na umri usiozidi miaka 45, aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza yenye anwani, namba za simu zinazopatikana na barua pepe, na ataje wadhamini watatu. Hati za matokeo na matokeo ya muda hazikubaliwi badala ya cheti chenyewe, jambo linalowakwamisha wahitimu ambao chuo bado hakijawapa vyeti vyao.

Makampuni na mashirika yasiyo ya kiserikali hupokea wasifu kwa barua pepe. Huko ndiko mpangilio wa hati unakohesabika: kurasa moja au mbili, maandishi ya aina moja, na faili la PDF lenye jina la mwombaji, si jina alilolipa mhudumu wa steshenari.

Majina na tarehe

Kosa linalomgharimu mhitimu kuliko mengine yote halihusu lugha nzuri wala mpangilio. Ni kutofautiana kwa majina na tarehe kati ya wasifu, vyeti, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa.

Katika kata kama Masakta jambo hili lina sababu zake. Wenyeji wengi wa Hanang na Mbulu ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, na Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Kiiraqw kina sauti zisizokuwepo katika Kiswahili, zinazoandikwa kwa herufi kama q, x, hh, sl na tl. Jina Tluway linaweza kuandikwa Tluwai shuleni, na Qwaray likawa Kwaray kwenye daftari la zahanati. Majina mengi ya kiume ya Kidatoga huanza na Gida- na ya kike na Uda-, na karani asiyeyazoea anaweza kukosea kila herufi inayofuata. Zaidi ya hayo, mwanafunzi mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la babu, kisha akatumia mawili katika darasa la saba na matatu katika kidato cha nne. Hakuna aliyedanganya, lakini kwenye karatasi wanaonekana watu wawili.

Tarehe ya kuzaliwa nayo haisameheki kirahisi. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na tarakimu nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu yeyote anayeilinganisha na cheti cha kuzaliwa huona tofauti papo hapo.

Utaratibu unaofaa ni kuyaandika majina kwenye wasifu kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi, kwa kuwa vyeti vya baadaye hufuata hicho. Ikiwa nyaraka zinatofautiana, matangazo ya kuitwa kwenye usaili humtaka msailiwa aje na hati ya kisheria ya majina iliyosajiliwa. Hati hiyo huchukua muda na pesa, na kutoka Hanang huhitaji safari pia. Anayesubiri mpaka aone jina lake kwenye orodha ya usaili huwa amechelewa. Ni afadhali mhitimu aweke nyaraka zote mezani, azilinganishe na kurekebisha kasoro kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa wasifu.

Ukali huu una historia. Mnamo Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Tangu wakati huo kulinganisha nyaraka si jambo la kupita tu. Matangazo ya kazi huonya waziwazi kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria.

Uzoefu wa asiyewahi kuajiriwa

Wahitimu wengi huiacha sehemu ya uzoefu wazi, au huijaza maneno kama "mchapakazi", "mbunifu" na "ninaweza kufanya kazi na watu wote". Maneno hayo hayana madhara, lakini hayamwambii msomaji chochote, maana kila mwombaji anayo. Kinachosomwa ni kazi iliyofanyika, mahali, muda na kiasi.

Kazi hiyo mara nyingi ipo, ila mwenyewe haioni kuwa ni kazi. Ya kwanza ni mafunzo kwa vitendo ya chuoni, yanayoitwa fildi: halmashauri gani, idara gani, wiki ngapi, na kitu gani kilifanyika. Kuna kufundisha kwa kujitolea, jambo la kawaida katika shule za sekondari za kata zenye upungufu wa walimu wa sayansi. Wapo waliokuwa makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, waliofanya kazi katika uandikishaji wa wapiga kura, waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa baada ya kidato cha sita, na walio makatibu wa VICOBA au wa chama cha ushirika cha msingi. Mhitimu wa kilimo aliyesimamia shamba la familia la alizeti au ngano msimu mzima anaweza kulitaja, mradi aseme ekari ngapi, mbegu gani na mavuno kiasi gani, na asijiite meneja.

Mfano wa kubuni unaonyesha tofauti. Mhitimu mmoja anaandika: "Nina uzoefu mkubwa wa kufundisha." Mwingine anaandika: "Mwalimu wa kujitolea, Hisabati na Fizikia, kidato cha kwanza na cha pili, shule ya sekondari ya kata wilayani Hanang, Januari hadi Novemba 2023, vipindi 18 kwa wiki." Sentensi ya pili haina sifa hata moja, lakini inaweza kuthibitishwa kwa simu moja kwa mkuu wa shule. Barua fupi ya utambulisho yenye muhuri kutoka kwa mkuu huyo huifanya iwe na nguvu zaidi, na ni rahisi kuiomba siku ya kuondoka kuliko miaka miwili baadaye, mkuu akiwa amehamishwa.

Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) huratibu mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu, yanayoitwa pia utarajali. Hayo nayo huandikwa kwenye sehemu hii.

Elimu, lugha na ujuzi

Elimu huorodheshwa kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, pamoja na jina kamili la chuo, mwaka wa kumaliza na kiwango cha ufaulu. Katika vyuo vikuu vya Tanzania wastani wa alama, GPA, huhesabiwa kati ya 5.0, nao huandikwa kama ulivyo kwenye cheti. Kuukadiria kwenda juu ni kughushi.

Kwenye lugha wengi huandika Kiswahili na Kiingereza tu. Mhitimu wa Masakta anayesema Kiiraqw au Kidatoga ana sababu nzuri ya kuzitaja. Kwa mradi wa afya, maji au mifugo katika Hanang na Mbulu, mtu anayeweza kuzungumza na bibi kizee bila mkalimani ni mali. Ni ajabu kidogo jinsi lugha hizo zinavyofichwa kana kwamba ni kasoro.

Ujuzi wa kompyuta hutajwa kwa programu ambazo mwombaji anazitumia kweli, kwa kuwa kada nyingine huwa na usaili wa vitendo.

Wadhamini na mawasiliano

Wadhamini hawatakiwi kuwa ndugu. Mara nyingi mmoja huwa mhadhiri, mwingine msimamizi wa fildi, na wa tatu mtu anayeheshimika kama mkuu wa shule au kiongozi wa dini. Wote waombwe ruhusa mapema na watumiwe nakala ya wasifu, wasije wakashtukizwa na simu kuhusu mwanafunzi wanayemkumbuka kwa sura tu. Mdhamini bora anayeishi mahali pasiposhika mtandao apewe namba ya pili.

Barua pepe husababisha hasara ya kimyakimya. Anayefunguliwa akaunti na mtu wa steshenari, kwa neno la siri alilolijua mhudumu, anaweza kuikosa akaunti hiyo na tangazo la usaili pamoja nayo. Akaunti na laini ya simu viwe vya mwombaji mwenyewe, na namba isibadilishwe wakati maombi yanasubiriwa.

Faragha na utapeli

Wasifu una tarehe ya kuzaliwa, makazi na namba za simu za watu wanne, kwa hiyo haufai kubandikwa kwenye makundi ya wazi ya mitandao ya kijamii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka mwajiri atumie taarifa hizo kwa lengo lililokusudiwa tu, lakini haimzuii mgeni kunakili kile ambacho mwenyewe amekiweka hadharani. Sekretarieti ya Ajira haitozi ada kwa maombi wala kwa usaili; anayepiga simu akitaka "ya kutolea faili" kwa njia ya M-Pesa au mtandao mwingine ni tapeli, hata kama anayataja majina yote matatu ya mwombaji kwa usahihi.