Ziwa Lililokuwa na Jina Lake

Mwaka 1851 wanamgambo wa California walipanda milima ya Sierra Nevada wakimfuatia mzee Tenaya na watu wake, wenyeji wa bonde ambalo wao wenyewe waliliita Ahwahnee na ambalo dunia leo inalijua kwa jina la Yosemite. Waliwakuta kando ya ziwa, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo majabali ya matale yamesuguliwa na barafu ya kale hata yakang'ara kama sahani. Mmoja wa wanamgambo hao, Lafayette Bunnell, ambaye baadaye aliandika habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1880, alimwendea mzee kumweleza kwamba ziwa lile litaitwa kwa jina lake. Alidhani anampa heshima. Tenaya alimjibu kwamba ziwa lina jina tayari, Pyweack, kwa ajili ya yale majabali yang'arayo. Bunnell akamwambia kuwa wamelipa jina lake kwa sababu hapo ndipo walipowakuta watu wake, nao hawatarudi tena kuishi hapo. Kwa maelezo ya Bunnell mwenyewe, uso wa mzee ulisawijika. Kabla ya hapo mwanawe alikuwa ameuawa kwa risasi mikononi mwa wanamgambo hao hao, na mwaka 1853 yeye naye aliuawa. Ziwa linaitwa Tenaya hadi leo.

Historia ya picha za maziwa na milima katika nchi ile aghalabu huanza kusimuliwa miaka kumi baada ya hapo, kana kwamba bonde lilizaliwa siku kamera ilipolifikia. Mwaka 1861 Carleton Watkins wa San Francisco aliingia bondeni na msafara wa baghala, akiwa na kamera kubwa iwezayo kubeba vioo vya inchi 18 kwa 22. Filamu ya kuviringishwa ilikuwa bado haijavumbuliwa. Kioo kilipakwa dawa ya kunata, kikachovywa katika maji yenye chumvi ya madini ya fedha, kikapigwa picha kingali kibichi na kusafishwa palepale ndani ya hema la giza kabla hakijakauka. Kazi hiyo ikifanyika jangwani au mlimani, vumbi kidogo tu huharibu kioo kizima. Watkins alitoka na picha za vioo vikubwa zipatazo 30, na miongoni mwa sehemu alizozipenda ni ziwa dogo liitwalo Mirror Lake, yaani Ziwa la Kioo. Alilipiga maji yakiwa yametulia, na milima ikaonekana mara mbili, wima na kichwa chini.

Katika picha hizo mbingu ni nyeupe tupu. Hapakuwa na ukungu siku zile. Fedha ya wakati ule ilikuwa na upofu wake: iliuona mwanga wa buluu kupita kiasi, na mwekundu haikuuona kabisa. Samawati ya mbingu, yenye buluu tele, iliunguza kioo kabla jabali halijapata muda wa kujichora. Ndiyo maana hata katika picha za kale za bandari ya Unguja majahazi yanaonekana yameelea mbele ya ukuta mweupe, na mtu asiyejua hudhani watu wa zamani waliishi chini ya wingu lisilokwisha. Baadhi ya wapiga picha waliona aibu ya mbingu tupu, wakapiga mawingu kwenye kioo cha pili na kuyaunganisha wakati wa kuchapisha. Wingu moja liliweza kutumika juu ya milima kadhaa.

Picha za Watkins zilifika Washington. Seneta John Conness wa California alipeleka mswada wa kulihifadhi bonde, na tarehe 30 Juni 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Rais Lincoln aliutia saini. Waheshimiwa waliopiga kura walikuwa hawajafika Yosemite. Walichokijua ni kile kilichokuwa juu ya karatasi: maji, miti, matale, na hakuna mtu. Mlima mmoja wa kule uliitwa Conness. Watkins naye alipata wake, lakini hakuwa na bahati. Deni lilimnyang'anya studio na picha zake katika miaka ya 1870, na tetemeko na moto wa San Francisco wa mwaka 1906 ukateketeza alichokuwa amekusanya upya, wakati macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka. Alifariki mwaka 1916 katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mwaka huo huo wa 1916 kijana wa miaka 14 aitwaye Ansel Adams aliletwa Yosemite na wazazi wake, akapewa kamera ya sanduku ya Kodak. Yeye alirithi fedha isiyo na upofu ule, kwa maana kufikia zama zake vilikuwapo vioo na filamu zenye kuona rangi zote na kuzigeuza kuwa daraja za kijivu. Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda genge linaloelekeana na jabali la Half Dome, huku theluji bado iko chini. Vioo vikabaki viwili. Cha kwanza alikipiga kwa kichujio cha manjano, kisha akatambua kwamba mbingu itatoka kijivu cha kawaida, ilhali alivyoliona jabali lile moyoni halikuwa na ukawaida wowote. Kwa kioo cha mwisho akaweka kichujio chekundu sana, chenye kuzuia buluu isipite, akafungua lenzi kwa sekunde tano. Mbingu ikatoka karibu nyeusi, na jabali likasimama mbele yake kama limetoka kuzimu.

Hapo pana jambo la kutafakari. Watkins alipata mbingu nyeupe kwa kukosa njia, na Adams akapata mbingu nyeusi kwa kuchagua, na hakuna hata mmoja aliyeipata ile iliyokuwa juu ya kichwa chake. Kwa haki, Adams hakuficha hilo. Alikuwa amesomea piano kabla ya kuifuata kamera, naye alizoea kuilinganisha negativu na noti alizoandika mtunzi, na picha iliyochapishwa na upigaji wa muziki wenyewe. Msomaji wa tenzi ataelewa upesi, kwa kuwa ubeti ulioandikwa ni ule ule, lakini kila sauti iusomayo huutoa kwa namna yake. Karibu na mwaka 1940 yeye na Fred Archer walipanga kanuni ya ngazi kumi na moja, tangu weusi mtupu hadi weupe wa karatasi, ili mpiga picha aamue kabla hajabonyeza ni kivuli kipi kikae ngazi ipi. Kisha katika chumba cha giza mkono uliendelea: hapa kukingwa mwanga ili pawe pepesi, pale kuongezwa ili pazame.

Picha zake nazo zilitenda kazi ya kiserikali. Mwaka 1936 alizibeba hadi Washington kutetea korongo la Kings, mwaka 1938 akatoa kitabu cha picha za Sierra, na mwaka 1940 Kings Canyon ikawa hifadhi ya taifa. Asiyetaka kumshukuru kwa hilo atakuwa mchoyo.

Lakini mkono uwezao kuzamisha kivuli huweza pia kufuta. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 Adams alikuwa akienda Manzanar, kambi iliyo chini ya Sierra ambako serikali ya Marekani iliwafungia zaidi ya watu elfu kumi wenye asili ya Japani, wengi wao raia wake. Alikwenda kuwapiga picha kwa heshima, na mwaka ule ule akatoa kitabu cha kuwatetea, ingawa hakuruhusiwa kupiga seng'enge na minara ya walinzi. Wakati wa safari hizo aliamka alfajiri, siku baada ya siku, kuisubiri jua ya Sierra kutoka mji wa Lone Pine. Hatimaye mwanga ulifika, na farasi aliyekuwa amekipa kisogo kamera akageuka ubavu. Ni picha ya fahari: theluji juu, vilima vyeusi katikati, ukanda wa mwanga chini. Kwenye vile vilima vyeusi wanafunzi wa shule ya mji walikuwa wameandika L na P kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Adams alizifuta herufi hizo kwenye negativu, na mwenyewe amekiri, akisema kwamba hakuona sababu ya kuziacha ziiharibu picha.

Herufi mbili za chokaa si jambo kubwa. Walakini ni mkono ule ule, na ni jicho lile lile lililofundisha kizazi kizima kwamba mlima safi ni mlima usio na alama ya mtu. Takriban mwaka 1946 Adams alipiga ziwa la Tenaya, na nyuma yake Mlima Conness. Mateka na seneta wamo ndani ya fremu moja, na kinachoonekana ni maji na mawe tu.

Bondeni watu hawakuwa wamekwisha. Lucy Telles, mfumaji wa vikapu aliyesifika mno, alimaliza mwaka 1933 kikapu kikubwa kilichomchukua miaka minne, na weusi wa nakshi zake ulitokana na mizizi ya jamii ya kangaga. Lakini kijiji cha wenyeji kilipunguzwa kidogo kidogo na wakuu wa hifadhi, hadi mwaka 1969 nyumba za mwisho zikaondolewa. Miaka miwili baadaye wakuu hao hao waliacha kuchimba mchanga uliokuwa ukilijaza Ziwa la Kioo, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limesaidiwa kubaki kama picha zake. Siku hizi hujaa theluji inapoyeyuka, na kufikia mwisho wa kiangazi mtu hupita kwa miguu alipopiga Watkins. Mwaka 2018 kizazi cha watu wa Ahwahnee kilikubaliana na hifadhi kukijenga upya kijiji, kwa jina la Wahhoga.

Juu ya ziwa la Tenaya, upande wa mashariki, liko jabali la mviringo lililosuguliwa na barafu. Kwenye ramani limeandikwa Pywiack.