Mwandishi wa Watoto Haishi kwa Kalamu Pekee

Askari aliyepata kukaa kambini Jinja, au polisi aliyepata kushika zamu Mbale, anakijua kituo cha Tororo. Hapo ndipo reli iliyotoka Kenya iligawanyika: tawi moja likaenda kaskazini hadi Mbale, jingine magharibi hadi Jinja na Kampala. Yafaa kuikumbuka njia hiyo, maana historia ya kitabu cha mtoto katika mashariki ya Uganda imefungamana na Nairobi.

Mwaka 1948 serikali za Afrika Mashariki ziliunda East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Baada ya uhuru, mwaka 1965, ikazaliwa East African Publishing House, nayo Nairobi. Mwandishi wa Uganda aliyetaka kuishi kwa kalamu alitazama huko.

Mfano bora ni Barbara Kimenye. Alizaliwa Halifax, Uingereza, mwaka 1929, akasomea uuguzi, akaolewa na mtu wa Bukoba, kisha akahamia Kampala, akatumika katika serikali ya Kabaka Mutesa II. Hadithi zake za Moses, kijana mtukutu wa shule ya bweni, zilitolewa na Oxford University Press ya Nairobi. Hadi alipofariki mwaka 2012, vitabu vyake vilikuwa vimeuzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Wako wasemao kuwa kipaji ndicho kilichomfikisha hapo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mwandishi hulipwa mrabaha, yaani sehemu ndogo ya bei ya kila nakala. Nakala mia mbili hazimlishi mtu hata mwezi. Kimenye alikuwa na mchapishaji imara, na soko la nchi tatu.

Soko hilo lilivunjika. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao maduka mengi ya Jinja na Mbale yalikuwa mikononi mwao; bidhaa zikaadimika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na idara zake zikafa nayo. Kalamu za Waganda hazikukauka wino. Kilichokatika ni njia ya kumfikia msomaji.

Ujenzi mpya ulianza polepole. Fountain Publishers iliundwa Kampala mwaka 1988. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi walitoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Mwaka 2007 mtaala ukaagiza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha za wenyeji: Lusoga kwa mtoto wa Jinja, Lumasaaba kwa mtoto wa Mbale. Ni jambo la haki. Hata hivyo, soko la kila lugha ni dogo, na mwandishi hana budi kuwa na kazi nyingine ya kumpatia chakula.

Hapa ndipo askari anapohusika. Tangu enzi za King's African Rifles, Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi, na mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili. Mtoto wa kambini anakisikia kila siku kwa amri na salamu. Mzazi amnunuliapo hadithi moja, iwe ya Kiswahili, Lusoga au Lumasaaba, anamlipa mwandishi ujira wake. Mkono mmoja haulei mwana. Hata kitabu chake huhitaji mkono wa mwandishi na wa mnunuzi.