Elimu Iulizayo: Wasomi na Wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa

Neno ushirika lasikika sana siku hizi katika vyuo vikuu. Twaambiwa kwamba yawapasa wasomi kushirikiana na watu wanyonge, wa mjini na wa shamba, ambao huduma huwafikia mwisho. Neno ni jema. Lakini kabla ya kulisifu yafaa tujue historia yake. Mahali pafaapo kuisoma historia hiyo ni Nachingwea na jirani yake Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea katika miaka ya 1990.

Mji wa Nachingwea ulikuzwa na elimu isiyouliza. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma watu watatu chini ya John Wakefield kuja kuitazama nchi. Kwa muda wa wiki tisa waliona mengi, na sehemu kubwa waliiona kutoka katika ndege. Wakaandika kwamba eka 3,210,000 za Afrika ya Mashariki na ya Kati zaweza kulimwa karanga. Katika Tanganyika zilichaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mabingwa hao hawakuwa wajinga, na hesabu zao zilikuwa nadhifu. Bali mkulima aliyeijua mvua na udongo wa kwao hakutiwa katika shauri. Bandari ilijengwa Mtwara, reli ikafika Nachingwea, matingatinga yakaingia porini. Januari 1951 mpango ulivunjwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimekwisha potea. Mapema katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Wenye mpango walikwenda zao. Mji ukabaki na wakazi wake.

Elimu ya namna nyingine ilikuja mwaka 1968. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki, kiliwatuma wanafunzi wa historia kwenda kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji. Nchi ya kusini ilikuwa na mengi ya kusema. Agosti 1905 boma la Wajerumani huko Liwale lilianguka; Wamwera wa nchi hii waliingia vitani; misheni ya Nyangao ilichomwa moto; kisha ikafuata njaa kubwa. Wazee waliohojiwa walikuwa watoto au vijana wakati ule. Basi mambo yaligeuka: mkulima akawa mwalimu, na mtu wa chuo kikuu akawa mwanafunzi. Faida yake ilionekana. Hesabu ya Wajerumani ilisema kwamba watu 75,000 walikufa. Gilbert Gwassa, aliyeongoza utafiti ule pamoja na John Iliffe, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Hata hivyo kazi ile njema ilikuwa na upungufu mmoja. Wazee walitoa habari kwa lugha zao na kwa Kiswahili. Wanafunzi waliandika makala zao kwa Kiingereza, nazo zikawekwa maktabani Dar es Salaam. Aliyeulizwa hakupewa njia ya kuyasoma majibu yake.

Hatua ya tatu ilikuwa ya mpango wa maendeleo uitwao RIPS, ambao Tanzania na Ufini ziliufanya katika mikoa ya Mtwara na Lindi tangu 1988. Ulifuata njia ya utafiti shirikishi, ambayo Marja-Liisa Swantz alikuwa ameieneza katika miaka ya 1970 akiwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanakijiji walichora ramani chini kwa vijiti na mawe, wakataja wenyewe shida zao. Hapo hata swali lilitoka kwa mwenyeji. Lakini mwaka 2005 fedha ya mgeni ilikwisha, na mpango ukaisha.

Kwa hiyo ushirika una mitihani mitatu: ni nani aulizaye, ni nani ajibuye, na ni nani abakiye na jibu. Mpango wa karanga ulishindwa yote. Utafiti wa 1968 ulishinda wa pili, na ule wa 1988 wa kwanza na wa pili. Mtihani wa tatu ungali unatungoja.

Wako wasemao kwamba elimu haina budi kuandikwa kwa lugha isomwayo na dunia nzima. Ni kweli, lakini dunia nzima ni pamoja na Nachingwea. Wazee wale wamekwisha fariki, wala hawawezi kuulizwa tena. Maneno yao yafasiriwe kwa Kiswahili, nakala ziwekwe katika Chuo cha Ualimu Nachingwea na katika shule za Ruangwa, na vijana wa mitaa ya miji hiyo wayasome, wayapinge, wayaongeze. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Lakini kuuliza na kuondoka na jibu ni deni, na deni hulipwa kwa mwenyewe.