Kuitambua Bunduki Kuukuu ya Kushindilia: Majina, Alama na Marekebisho katika Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Bunduki ya kushindilia, ambayo siku hizi huitwa gobore bila kubagua aina, mara nyingi iliingia Ujiji ikiwa tayari imezeeka. Jambo hilo husahaulika. Silaha ikikutwa na alama ya kiwanda cha Ulaya, aliyeirithi huelekea kuamini kwamba ilifika ziwani muda mfupi baada ya kuundwa, na pengine huihusisha na Livingstone moja kwa moja. Makala haya yanashikilia kwamba alama ya kiwanda huonyesha asili ya silaha tu. Maisha yake barani husomwa katika marekebisho iliyofanyiwa, na majina ya Kiswahili ni mwongozo mzuri wa usomaji huo.

Sababu ya ukuukuu huo ilikuwa Ulaya kwenyewe. Jeshi la Uingereza lilianza kuziacha bunduki za jiwe mwishoni mwa miaka ya 1830. Mwaka 1853 likapokea Enfield, bunduki ya kushindilia yenye mifuo ndani ya mtutu; mwaka 1866 likaanza kuzigeuza Enfield hizo ziwe Snider, zinazopakiwa kwa nyuma; na mwaka 1871 likachagua Martini-Henry. Kila badiliko liliacha shehena ya silaha zisizotakiwa tena, nazo zikatafutiwa wanunuzi mbali. Zilizofika Unguja zilivushwa hadi Bagamoyo, zikapanda Tabora na kuishia Ujiji, katika njia ileile iliyoteremsha pembe za ndovu.

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuizoea njia hiyo. Msafara wa Stanley wa mwaka 1871 unaonyesha mchanganyiko wa silaha wa wakati huo: kiongozi alikuwa na Winchester na Henry za kupiga risasi nyingi mfululizo, ilhali katika orodha yake mna bunduki 24 za jiwe. Msafara huo uliingia Ujiji kwa mizinga ya bunduki, kama ilivyokuwa desturi ya misafara kujitangaza. Silaha iliyopitwa na vita vya Ulaya bado ilikuwa na kazi nyingi barani: kulinda mzigo, kuwinda ndovu, kuonyesha cheo.

Kiswahili cha zamani kiliziainisha silaha hizi kwa namna zinavyowashwa. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume ilitumia jiwe gumu lililogonga chuma na kutoa cheche. Bunduki ya fataki ilikuwa na kifa, yaani chuchu ndogo ya chuma inayovishwa fataki. Bunduki ya viasi, inayopakiwa kwa nyuma, haimo katika jamii ya kushindilia. Mgawanyo huu ni bora kuliko neno gobore, kwa kuwa unamwelekeza mchunguzi aanze na mtambo, si kitako.

Hata hivyo, mtambo nao huweza kudanganya. Gumegume nyingi ziligeuzwa kuwa za fataki, na matundu ya skrubu yaliyozibwa kwenye bamba la mtambo ndiyo ushahidi. Si kila mtu barani aliyeuona ugeuzaji huo kuwa maendeleo: fataki zilitoka ng'ambo na zingeweza kukosekana, ilhali jiwe halikumfunga mwindaji kwa shehena ya pwani kiasi hicho.

Kabla ya kuchunguza zaidi, mdeki utumbukizwe mtutuni, kisha urefu ulioingia ulinganishwe na urefu wa mtutu kwa nje. Mdeki ukiishia mbali na kifa, huenda baruti ya zamani bado imo, na silaha hiyo haipaswi kuguswa na asiye fundi. Ikithibitika kuwa tupu, kipenyo hupimwa: takriban milimita 19 huashiria bunduki ya zamani ya askari wa Uingereza, 17.5 ya Ufaransa, na 14.7 Enfield. Enfield ya jeshi ilikuwa na mifuo mitatu. Mtutu laini kwenye umbo lake huashiria kuwa umekerezwa upya au kwamba ni nakala ya biashara.

Alama ya Liège, mji wa Ubelgiji uliouza silaha nyingi za bei nafuu, ina manufaa ya pekee. Herufi ELG ndani ya duara refu zilitumika tangu mapema katika karne ya 19, lakini taji juu yake liliongezwa mwaka 1893. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umekwisha kuzuia silaha zenye mifuo na za viasi kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, Ujiji ikiwamo, huku ukiacha mlango kwa gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Kwa hiyo gumegume yenye taji la Liège, ingawa umbo lake ni la kale, ilipigwa alama hiyo si chini ya miaka 20 baada ya Livingstone kufariki mwaka 1873, na ni zao la sheria ya wakoloni zaidi kuliko la misafara ya pembe.